Nafasi Kumi na Mbili

Tarehe 4, mwezi wa nane
Miaka mitatu na miezi mitano tangu niondoke

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ukiacha nyayo, na nyayo siku hizi sizihesabu kama sehemu ya mwili wangu, nazihesabu kama mali ya ghala. Wewe je, kikohozi kimekuacha? Na mama bado ananyanyua ndoo kwa mkono ule ule aliokatazwa na daktari? Mwambie nimeuliza. Atakujibu hapana. Usimwamini.

Orodha yako ya kozi imefika. Nimeisoma mara tatu wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya mbao za mizigo, wenzangu wakichungulia begani kwangu. Umetufurahisha. Hatujacheka hivyo tangu msimamizi wetu Kidevu alipobanwa na mlango wa lifti ya mizigo.

"Nadharia ya Foleni." Muhula mzima mtu anafundishwa foleni! Mimi nasimama foleni ya choo, foleni ya chakula na foleni ya kukaguliwa mifuko wakati wa kutoka. Mngeniita tu, nikaja kuwafundisha kwa siku moja na maswali nikajibu. "Mwingiliano wa Binadamu na Kompyuta." Babu Magoti, mzee ninayefanya naye kazi safu moja, aliuliza kama hilo dini inaliruhusu. "Akili Mnemba ya Kwanza" na "Akili Mnemba ya Pili." Kwani hizi za kuzaliwa mmeshazimaliza? Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Maadili ya Taaluma ya Kompyuta, kozi ya hiari." Ya hiari! Hiyo nimeipigia mstari kwa kalamu.

Unanitaka ushauri. Mimi niliyeishia kidato cha pili, nikatoka na cheti cha kuhudhuria. Basi sikiliza ninachojua kuhusu kompyuta. Nimefungwa moja mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni, ina picha ya sisimizi wa buluu mgongoni. Alama ya kampuni inayoitengeneza. Angalau hao hawakutuficha wanatuona nini. Inaniambia nenda rafu fulani, chukua sufuria, una sekunde arobaini na moja. Nikichelewa inatetemeka, na jina langu linakuwa jekundu kwenye kioo cha Kidevu. Sisi tunaiita Mama wa Kambo, kwa sababu haijawahi kusema umefanya vizuri, na hakuna mtu anayekumbuka ni nani aliyeioa.

Mtu aliyeitengeneza alisoma kozi kama hizi zako. Alikaa darasani penye feni, akala vizuri, akapata alama nzuri, na mama yake akawaambia majirani. Namdharau kuliko ninavyomdharau Kidevu. Kidevu angalau nikimtazama ananitazama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua chochote kitakachokupa kiti cha kukalia. Na usinipigie simu kwa jambo hili. Kwenye simu unanikatiza. Nitaandika kwa kalamu na kukutumia picha ya barua, nawe ujibu kama mtu aliyesoma.

Kaka yako


Tarehe 17, mwezi wa nane

Kaka,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Mama anasema hanyanyui ndoo, na wakati anasema hivyo alikuwa ameishika. Anakusalimu. Nyayo zako ziloweke kwenye maji ya chumvi, na usinijibu kwamba hujaenda huko kuoga miguu.

Umecheka, sasa nisikilize. Mwaka wa tatu na wa nne kila mtu lazima achague mchepuo mmoja kati ya minne. Kozi za juu zote zinafuata mchepuo huo, na ukimaliza ndio unaoandikwa kwenye cheti. Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi wa tisa. Ukikosea, unaweza kuhama mara moja tu, kabla muhula wa pili haujaanza. Baada ya hapo umefungwa.

Darasa zima linakimbilia Akili Mnemba. Usidhani wanaipenda. Wamesikia wengine wanakimbia, nao wakainua magauni wakafuata. Mwenzangu wa bweni, yule ninayemwita Malkia, mwaka jana alishindwa kuandika programu ya kupanga namba kumi kutoka ndogo hadi kubwa mpaka akamwita mjomba wake. Sasa anasema atafundisha mashine kufikiri. Wanaochagua Usalama wa Mitandao ni wale wanaopenda kuvaa kofia ya sweta ndani ya chumba chenye joto. Uhandisi wa Programu ni wa waliokata tamaa mapema. Mshauri wangu wa masomo alinipa dakika nne, akaniita kwa jina la mtu mwingine, akanishauri Akili Mnemba, akafungua chakula chake.

Mchepuo wa nne unaitwa Upangaji na Uboreshaji. Ni hesabu kuanzia asubuhi hadi jioni. Una kozi tano za lazima, na mbili kati ya hizo kila mwaka nusu ya darasa inarudia. Ni namna ya kugawa vitu vichache kwa kazi nyingi: barabara, mashine, vitanda vya hospitali, muda. Muhula uliopita mwalimu alitupa swali la gari la kusambaza mizigo lipite wapi kwanza. Siku mbili sikula vizuri. Si kwa shida, kaka, kwa raha. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoutaka mchepuo huu, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Nafasi ni kumi na mbili. Tumeomba tisini na mmoja, wengi kwa siri. Kuna usaili.

Najua utakachosema. Ndiyo, fani hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa Mama wa Kambo. Ndiyo maana nakuuliza kabla hujanitukana: anapangaje? Anajuaje kwamba unahitaji sekunde arobaini na moja na si hamsini? Hapa hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuingia ghalani. Wanafundisha kwa masanduku ya kuchora.

Mdogo wako


Tarehe 2, mwezi wa tisa
Miaka mitatu na miezi sita tangu niondoke

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Miguu nimeiloweka. Usijisifu.

Kwa hiyo kati ya minne umechagua ule unaonitembeza mimi. Vizuri. Ningekuwa na mdogo wa kiume ningemwambia neno ambalo wewe siwezi kukuandikia. Lakini umesema siku mbili hukula, na mimi nakumbuka ulivyokuwa unakula, basi nitakujibu.

Mama wa Kambo ana saa mbili ndani yake. Saa ya kwanza ni ya kutembea, toka rafu hadi rafu. Ukifika unakisogeza kifaa kwenye ile karatasi ya mistari iliyobandikwa kwenye rafu, kinalia tii, ndiyo ushahidi kwamba umefika. Hapo saa ya pili inaanza, ya kutafuta kitu chenyewe. Saa ya kutembea ni kali kama pilipili. Saa ya kutafuta ni ya ukarimu wa ajabu, dakika nzima na zaidi, kwa kitu kilicho mbele ya pua yako.

Unajua kwa nini? Nilikuwepo. Mwaka wa kwanza alikuja mmoja wa watu wa sisimizi kupima, kijana ana viatu vyeupe, anatembea kama amekanyaga kioo. Akapima kutembea kwa kujipima mwenyewe: mzima, ameshiba, raundi moja. Akapima kutafuta kwa kujipima mwenyewe vilevile. Akatumwa birika. Rafu ya pili, kimo cha kifua. Dakika sita alilitafuta birika lile! Babu Magoti akamwambia, "Mwanangu, liko mbele yako, linakucheka." Akaandika kwenye daftari lake kwamba kutafuta ni kugumu. Tangu hapo tunaishi na ujinga wake, upande mmoja unatuua, upande mwingine unatulisha.

Na sasa nikwambie jinsi unavyotulisha. Hili ni lako peke yako, halitoki nje ya kichwa chako. Babu Magoti amenakili karatasi za mistari za rafu zote za upande wetu, akazipunguza, akazishona kijitabu. Kurasa ishirini, ameshona kwa kamba za viatu vyake mwenyewe, mpaka kiatu chake cha kushoto sasa amekifunga kwa utepe wa plastiki wa maboksi. Ametushonea watano. Kinakaa mfukoni. Ukitumwa rafu ya mbali, unapiga tii kwenye kijitabu papo hapo ulipo. Mama wa Kambo anaamini umefika. Saa ya ukarimu inaanza. Sasa unatembea kama binadamu.

Babu ana miaka sitini na miwili na magoti yake yanalia ukikaa karibu. Bila kijitabu angekuwa ameshafukuzwa mara tatu. Wenye shahada wote wale, na mzee asiyejua kufungua simu yake mwenyewe amewashinda kwa kamba ya kiatu.

Fanya usaili wako. Ukifaulu nitakudharau kwa heshima.

Kaka yako


Tarehe 27, mwezi wa tisa

Kaka,

Shikamoo. Naamini u mzima na miguu inakubeba. Mama hajambo, mkono ni ule ule.

Nimepata! Jina langu ni la tatu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mkuu wa idara. Nimeigusa kwa kidole kuona kama wino ni wa kweli. Malkia naye aliomba, siri, baada ya kutuhubiria Akili Mnemba mwezi mzima. Amekosa. Amesema usaili ulikuwa wa upendeleo. Nimempa pole kwa sauti ambayo ungeipenda.

Swali la kwanza nililikosa. Walinitaka nithibitishe kitu ubaoni, nikafika katikati nikakwama, mkuu wa idara akatazama saa yake. La pili walionyesha mchoro na kuuliza maana yake. Walionitangulia walisema mambo ya kipumbavu. Mimi nikajibu, na mgeni mmoja akaandika kurasa mbili.

Muhula wa kwanza nimechukua kozi nne. Ile ya foleni ninaisogeza mbele mpaka mwaka wa nne, usicheke.

Andika haraka. Nataka udharau wako wa heshima.

Mdogo wako


Tarehe 24, mwezi wa kumi

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Karibu mwezi sasa. Mama anasema ulimpigia Jumapili, mkaongea dakika kumi, na mimi hukuniulizia. Nimemwambia labda chaji iliisha. Akasema haikuisha, mliagana vizuri.

Kama unaumwa, niambie mimi, usimwambie yeye.

Mdogo wako


Tarehe 16, mwezi wa kumi na moja
Miaka mitatu na miezi minane tangu niondoke

Mdogo wangu,

Sijambo. Natumaini hamjambo.

Wiki sita zilizopita, asubuhi, Mama wa Kambo alijizima mwenyewe dakika tano, akawaka tena. Kuanzia hapo ukipiga tii kwenye kijitabu anatetemeka. Wamemtia kitu kinachojua uko wapi. Saa ya kutafuta imekatwa kutoka dakika moja na zaidi hadi sekunde kumi na nane.

Mchana Kidevu alitukusanya akasoma karatasi iliyotoka kwa watu wa sisimizi. Anasoma kwa kidole, kama mtoto. "Imebainika kwamba baadhi ya wafanyakazi hubeba kijitabu cha nakala, kurasa zipatazo ishirini, kilichoshonwa kwa kamba za viatu." Akainua macho. Hakututazama nyuso. Alitazama miguu. Watu arobaini, wote wamefunga kamba, mmoja amefunga utepe wa plastiki.

Kidevu alisema, "Mzee, hii nini?"

Babu Magoti akasema, "Kiatu."

"Nauliza kamba iko wapi."

"Na mimi nakwambia vijitabu nilivishona mimi. Usiwapekue hawa, utawachelewesha kazi."

Alitolewa siku hiyo hiyo. Hakutaja jina la mtu.

Mimi kwenye maghala yote ya dunia hii sijui nani mwingine ameshona kitabu kwa kamba za viatu. Sijui nani mwingine alihesabu kurasa ishirini, isipokuwa mimi, kwenye barua yangu. Nimekaa na jambo hili wiki sita nikitafuta njia nyingine lilivyoweza kutoka. Sikuipata.

Kwa hiyo nina swali moja, na lijibu kama mtu aliyesoma. Uliposema, ulikuwa unajua unamwambia nani?

Kaka yako


Tarehe 23, mwezi wa kumi na moja

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi siumwi.

Nilijua.

Nitakueleza, halafu ufanye unavyotaka. Walikuwa watu watatu mezani: mkuu wa idara, mwalimu wa Uboreshaji, na mgeni. Mkuu wa idara alisema mgeni anatoka kwenye kampuni iliyoitolea idara vifaa vya maabara. Alikuwa amevaa fulana ya kola, na kifuani kulikuwa na sisimizi wa buluu. Nilimwona nilipokuwa bado mlangoni. Nilijiambia haihusu, nimekuja kujibu hesabu.

Baada ya kukwama kwenye swali la kwanza nilijua nimeshatoka kwenye kumi na mbili. Ndipo mgeni akaweka mchoro ukutani. Mamia ya siku za kazi, kutoka ghala ambalo hakulitaja. Akasema, "Hawa watu wanatembea kama umeme na wanatafuta kama vipofu. Kwa nini?" Walionitangulia walijibu kwamba rafu zimepangwa vibaya, kwamba mwanga hautoshi, na mmoja alisema wafanyakazi hawajui kusoma. Mgeni mwenyewe alituambia majibu hayo, anayacheka. Nilikaa nikiutazama mchoro ule na nikakuona wewe ndani yake, kaka. Wewe na Babu Magoti na wale wengine watatu, vinukta vidogo, vyote vimekaa pembeni.

Ningeweza kusema sijui. Nilifungua mdomo kusema sijui. Mkuu wa idara akatazama saa yake tena, na mimi nikasema, "Hawajafika. Wanapiga tii kabla hawajafika." Mgeni akauliza, "Kwa njia gani?" Hapo bado ningeweza kunyamaza, jibu lilishatosha. Nikaitaja njia yenyewe. Nikasema na kurasa. Nikasema na kamba za viatu, kwa sababu aliinua kichwa akanitazama kama mtu, na nilitaka aendelee.

Sikutaja jina. Sikusema nimejuaje. Nilisema nimesoma mahali. Hayo nayo hayanisaidii.

Kaka, naichukia sauti yangu ya siku ile. Kila nikiingia darasani tuko kumi na mbili, na najua kiti changu kimetoka wapi. Wengine kumi na mmoja ni wajinga wa kawaida, wanaoringa bila kosa. Mimi ndiye mjinga ninayejua.

Muda wa kuhama haujaisha. Nimejaza fomu ya kuingia Uhandisi wa Programu. Picha yake iko chini ya barua hii, imekamilika, imebaki saini ya mkuu wa idara tu. Sema neno moja na Jumatatu naipeleka.

Mdogo wako


Tarehe 9, mwezi wa kumi na mbili
Miaka mitatu na miezi tisa tangu niondoke

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Huko mwendelee vizuri.

Fomu nimeiona. Mwandiko mzuri. Umeweka hata nukta mwisho wa anwani.

Nitakwambia ninavyoiona. Unanitaka niseme hama, ili uwe umeshalipa ukalale. Au niseme baki, ili uwe umesamehewa ukalale. Yote mawili umenipa kazi mimi, na mimi nina kazi tayari, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo dharau yangu kubwa kwenu mliosoma: mkivunja sahani mnakuja na karatasi tusaini sisi.

Nilikwenda kwa Babu Magoti. Alikuwa anakaa chumba cha ghorofa ya nne, hakuna lifti, ndiyo kazi aliyokuwa amebaki nayo, kupanda na kushuka. Nilimkuta anakunja nguo kwenye sanduku, anajiandaa kurudi kwao. Nikamwambia kila kitu nimesimama. Nilianza na barua yangu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kitu ambacho hakikuwa changu, kwa kujisifu tu, ili mdogo wangu msomi aone kwamba na sisi tuna akili. Halafu nikasema na la kwako.

Akauliza, "Alipata hiyo nafasi?"

"Alipata."

"Waliomba wangapi?"

"Tisini na mmoja. Kwa nafasi kumi na mbili."

Akakunja shati, akalilaza, akalipiga kofi likae sawa. "Na kabla ya hapo alikuwa amekosa?"

"Alikuwa amekosa."

"Mwambie asiniweke tena kwenye masomo yake. Hata kwa uzuri. Asije akaandika siku moja kwamba kulikuwa na mzee."

Nikasema nitamwambia. Akanipa sanduku nimshushie. Chini alilichukua kutoka mkononi mwangu kabla sijaliweka. Hajakusamehe. Mimi pia hajanisamehe. Nakwambia usije ukadhani nimeficha sehemu nzuri.

Wale watatu waliobaki nimewaambia kesho yake, wakati wa chakula. Hawakunitukana. Walichukua sahani zao wakahamia meza ya karibu na mlango. Sasa nakula na Kidevu upande wa pili wa ukumbi, meza mbili tofauti, na kila mmoja anajifanya amependa kukaa peke yake. Miaka mitatu na miezi tisa nimemdharau mtu yule, na sasa watu wakituona kwa mbali hawajui yupi ni yupi.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwezi wa pili. Karatasi ya kuongeza wameniletea. Sikusaini. Magoti yangu mimi bado mazuri, sekunde kumi na nane naziweza. Ila siwezi kuzitembea pamoja na watu ambao wakiniona nakuja wanaficha mikono mifukoni.

Sasa fomu yako. Kuhusu mimi na wewe, sijakusamehe, na hilo halina mkuu wa idara wala mwisho wa muhula. Litachukua muda wake na hutaambiwa limefika wapi. Kuhusu mchepuo, umeniuliza na mimi sina adabu ya kunyamaza: ichane. Usihame. Ukihama, Babu atakuwa ametolewa ili kiti kibaki wazi, na watampa yule Malkia, naye atakikalia bila kujua chochote, na atalala vizuri kila siku ya maisha yake. Kaa wewe. Kaa usilale vizuri. Sijui kama kuna faida yoyote ndani yake, ila wale wengine wamelala miaka yote hii na umeona walichotengeneza.

Na usiniandikie kwamba siku moja utatengeneza kitu cha huruma. Usiandike hivyo kwangu kamwe. Kila mmoja wao alikuwa na kaka mahali fulani. Fanya hesabu zako, zile kozi mbili usirudie, na mtu akikuuliza kitu cha watu wengine, sema sijui. Ni neno fupi. Mimi nilikuwa nalisema darasani kila siku, halikuniua.

Mama usimwambie habari ya ghala. Mwambie nimechoka, hilo ataliamini bila ushahidi.

Nitaondoka hapa tarehe moja mwezi wa tatu, na nitafika nyumbani Jumatatu ya tarehe nne, asubuhi. Jumatatu asubuhi una kipindi. Usije kunipokea.

Kaka yako